Fulana ya Mifupa

Fulana yenyewe niliipata Karume, Ilala, mwaka 2003, kwenye meza ya mia tano mia tano. Belo lilikuwa limefunguliwa alfajiri na wajuzi walishapita wakachagua vya maana. Sisi wanafunzi tulifika mchana kupekua mabaki. Ilikuwa na rangi tatu, manjano, kijani na nyekundu, zimeingiliana kana kwamba mtu alimwaga ndoo tatu kwa pamoja. Katikati kiunzi cha mifupa kimeruka juu, mkono umenyooka, kinadanki mpira kwenye kikapu. Na neno moja: LITHUANIA.

Rangi zile nilizisoma kama kijana yeyote wa Dar angezisoma. Nikajua hayo ni mambo ya rasta. Nikadhani Lithuania ni bendi ya rege ambayo bado haijafika kwetu.

Mama aliikuta kwenye kamba na hakucheka. "Nani kaniletea maiti uani kwangu?" Kaka yangu, aliyekuwa akicheza kikapu kwenye timu ya mtaa, ndiye aliyeniokoa. "Mama, hiyo siyo maiti, hiyo ni nchi." Kisha akanigeukia: "Hao ndio kina Sabonis, bwana mdogo. Walichukua shaba Barcelona 1992."

Basi nikaivaa mazoezini, kwenye uwanja wetu wa saruji wenye ringi mbili zisizo na nyavu, nikitamba kwamba nimevaa nchi. Miaka ilipita kabla sijasoma habari zake vizuri, na nilipozisoma nikakuta jambo lililonisumbua. Wanne kati ya wachezaji wa Lithuania wa Barcelona walikuwa tayari na medali ya dhahabu, waliyoipata miaka 4 tu nyuma, Seoul 1988. Lakini kila ninaposoma wanavyoizungumzia kazi yao, ni ile shaba inayowatoa machozi. Nilimpigia kaka simu kumwambia. Akanijibu kwa mkato: "Dhahabu ni dhahabu. Kusanya shaba kumi, hupati dhahabu moja." Makala haya ni jibu langu kwake, na sijui kama atalikubali.

Tuanze na udogo wenyewe. Lithuania ipo kaskazini mwa Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki. Eneo lake, kilomita za mraba kama 65,000, ni dogo kuliko mkoa wa Tabora. Watu wake leo hawafiki milioni 3, wakati Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya milioni 5.3. Zamani za kale ilikuwa dola kubwa, lakini kufikia 1795 ilikuwa imemezwa kwa sehemu kubwa na Urusi ya akina Kaizari. Kati ya 1864 na 1904 utawala huo ulipiga marufuku kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Watu wakavusha vitabu kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, usiku, mgongoni. Sisi tunaopenda vitabu tuwakumbuke watu hao: walikamatwa na wengine wakauawa kwa sababu ya alfabeti. Uhuru ulipatikana 1918, na taifa likaanza kutafuta mahali ambapo dunia ingelisikia jina lake.

Mahali penyewe pakaja kuwa kikapu, na hapo ndipo hadithi ya taifa dogo linalojitegemea inapoanza kuharibika, kwa sababu mpira huo uliletwa na watoto wa wahamiaji. Maelfu ya Walithuania walikuwa wamehamia Marekani kutafuta kazi, na watoto wao wakakua na mchezo wa kule. Mwaka 1937 timu ya Lithuania ilikwenda Riga, Latvia, kwenye mashindano ya pili ya Ulaya, ikiwa na mchezaji na kocha Feliksas Kriaučiūnas kutoka Chicago. Ikaifunga Italia fainali, 24 kwa 23. Usishangae udogo wa matokeo, ndivyo kikapu kilivyochezwa enzi hizo. Walirudi nyumbani wakapokewa kama mashujaa waliotoka vitani, na ghafla kila mtoto akataka mpira.

Yupo mmoja ambaye maisha yake yanaeleza jambo hili kuliko hotuba yoyote. Frank Lubin alizaliwa Los Angeles 1910, wazazi wake wakiwa Walithuania. Mwaka 1936 alikuwa kwenye timu ya Marekani iliyochukua dhahabu ya kwanza kabisa ya kikapu Olimpiki, mjini Berlin. Fainali ile ilichezwa nje, kwenye udongo, mvua ikinyesha hadi mpira ukakataa kudunda, na Marekani ikaifunga Canada 19 kwa 8. Baada ya hapo alikwenda kuiona nchi ya wazazi wake, wakamwomba awafundishe, akakubali. Kule hakuitwa Frank Lubin tena. Aliitwa Pranas Lubinas.

Mwaka 1939 mashindano ya Ulaya yalifanyika Kaunas, mji uliokuwa makao makuu ya muda kwa kuwa Vilnius ilikuwa mikononi mwa Poland. Walijenga ukumbi maalumu kwa ajili yake, na unatajwa kuwa wa kwanza Ulaya kujengwa mahsusi kwa kikapu. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya jirani, Latvia. Lubinas, jitu la mita mbili akiwa kocha na mchezaji, alifunga kikapu mwishoni kabisa. Ikawa 37 kwa 36. Lithuania ikatwaa ubingwa kwa mara ya pili mfululizo, na kwa hiyo ikapewa nafasi ya kuandaa mashindano ya 1941.

Hayakufanyika. Agosti 1939, miezi michache tu baada ya shangwe za Kaunas, Ujerumani na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mkataba, na kwa siri zikagawana nchi za watu. Juni 1940 vifaru vya Kisovieti viliingia. Juni 1941 wakaingia Wajerumani. Mwaka 1944 Wasovieti wakarudi, na safari hii wakakaa. Lubinas alikuwa ameshaondoka kurudi California. Maelfu ya Walithuania walipakiwa kwenye mabehewa ya treni na kupelekwa Siberia.

Hapa inanibidi nisimame, maana wasimulizi wengi wa hadithi ya kikapu cha Lithuania huruka moja kwa moja kutoka ubingwa hadi mateso ya Wasovieti. Katikati kuna miaka mitatu ya Wajerumani. Kabla ya vita Wayahudi walikuwa zaidi ya watu 200,000 nchini humo, na Vilnius ilisifika kwa maktaba na wasomi wao. Zaidi ya tisa katika kila kumi waliuawa, wengi wao kwa kupigwa risasi ndani ya miezi ya kwanza, kwenye misitu ya Paneriai na ngome za Kaunas, na Walithuania wenyeji walikuwemo miongoni mwa walioshika bunduki. Taifa dogo linaweza kuonewa na papo hapo watu wake wakaonea wengine. Siwezi kuisifu jezi bila kulisema hilo, kwa sababu jina lililoandikwa kifuani lilikuwa la hao waliouawa pia.

Sasa jina likafutwa. Kuanzia 1945 hapakuwa na timu ya taifa ya Lithuania mashindanoni. Wachezaji walikuwepo, na tena wazuri, ila jezi ilikuwa nyekundu na herufi zake zilikuwa CCCP. Umoja wa Kisovieti ulipotwaa ubingwa wa Ulaya 1947 kwa mara ya kwanza, walikuwemo Walithuania kama Stepas Butautas na Justinas Lagunavičius. Moscow ilikuwa imepokea mchezo wa Kaunas pamoja na Kaunas yenyewe. Mwaka 1972 mjini Munich, kwenye fainali ile ya 51 kwa 50 ambayo Wamarekani mpaka leo hawajazipokea medali zao za fedha kwa kuona wameonewa, nahodha wa Wasovieti alikuwa Modestas Paulauskas, Mlithuania. Magazeti ya Magharibi yaliandika tu: Warusi.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya Paulauskas. Umeshinda kilele cha dunia, bendera inapanda, wimbo unapigwa, na vyote viwili ni vya waliokuja nchini kwako kwa vifaru. Je, ukatae kucheza? Ukikataa unakosa mchezo, pengine unakosa na kazi, na nafasi yako anachukua mwingine. Ukicheza, unawajengea jina. Sina ujasiri wa kumhukumu mtu kwenye jambo kama hilo. Wengi wetu tungecheza.

Nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na upenyo. Klabu ya Kaunas iliitwa Žalgiris, jina la Kilithuania la vita vya 1410 ambapo Walithuania na Wapoland waliyavunja majeshi ya wapiganaji wa msalaba wa Kijerumani. Kwa kuwa walioshindwa ni Wajerumani, ni vigumu kuona Moscow ingelipinga vipi. Lakini katika miaka ya themanini, Žalgiris ilipokuwa ikikutana na CSKA, timu ya jeshi kutoka Moscow, kila aliyekuwa ukumbini alijua ni vita gani inapiganwa. Mahali pengine kupaza sauti dhidi ya Moscow kungekupeleka kwa askari kanzu. Kwenye kikapu ulikuwa unashangilia tu timu yako, kuna ubaya gani? Žalgiris ilitwaa ubingwa wa Usovieti mara tatu mfululizo, 1985, 1986 na 1987.

Nguzo yake ilikuwa Arvydas Sabonis, mtoto wa Kaunas, mita 2.21, mwenye mikono ya mlinzi mdogo kwenye mwili wa mnara. Pembeni yake walikuwepo Rimas Kurtinaitis na Valdemaras Chomičius. Šarūnas Marčiulionis, mzaliwa wa Kaunas pia, alichezea timu ya Vilnius. Hao wanne walikwenda Seoul 1988 na jezi ya CCCP. Sabonis alikuwa ametoka kwenye jeraha baya la mshipa wa kisigino. Wakaifunga Marekani nusu fainali, 82 kwa 76, kisha Yugoslavia fainali, 76 kwa 63. Hiyo ndiyo dhahabu ya kaka yangu.

Wakati wanashinda Seoul, nyumbani mambo yalikuwa yameanza kutokota. Juni mwaka huohuo wasomi na wasanii walianzisha vuguvugu la Sąjūdis, na bendera ya manjano, kijani na nyekundu, iliyokuwa haramu, ikaanza kuonekana mitaani. Agosti 23, 1989, miaka 50 kamili tangu ule mkataba wa siri, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono na kufanya mnyororo kutoka Vilnius, kupitia Riga, hadi Tallinn. Machi 11, 1990 Lithuania ikatangaza uhuru. Moscow ikajibu kwa kufunga bomba la mafuta, na Januari 13, 1991 ikapeleka vifaru kwenye mnara wa televisheni wa Vilnius. Watu walisimama mbele yake mikono mitupu. Waliouawa walikuwa 14. Septemba mwaka huo Usovieti, nao ukiwa unakata roho, ukautambua uhuru ule.

Kwa hiyo mwaka 1992 palikuwa na nchi isiyo na hela, na Olimpiki ya Barcelona ilikuwa mlangoni. Marčiulionis wakati huo alikuwa tayari NBA, na Golden State Warriors, California. Yeye ndiye aliyezunguka kuomba fedha za timu, akisaidiwa na Donn Nelson, mmoja wa makocha wa Warriors. Habari ikawafikia Grateful Dead, bendi kongwe ya roki ya eneo hilohilo la San Francisco, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Lithuania wala kikapu. Wakatoa fedha. Na pamoja nazo zikaja fulana, zilizochorwa na msanii wa New York, Greg Speirs: rangi za bendera zimemwagwa, kiunzi cha mifupa kinadanki. Fulana hizo zikauzwa kwa wingi Marekani. Na kwa kuwa kila kinachouzwa kwa wingi Marekani siku moja huishia ndani ya belo, moja ikasafiri hadi Karume na kunikuta mimi.

Barcelona ilikuwa Olimpiki ya kwanza ambayo Marekani ilipeleka nyota wake wa NBA, akina Michael Jordan na Magic Johnson. Lithuania ilikutana nao nusu fainali na ikapigwa 127 kwa 76. Hakuna aliyelia. Mechi iliyobaki ndiyo iliyokuwa na uzito: shaba, dhidi ya Timu ya Pamoja, yaani mabaki ya Usovieti waliocheza chini ya bendera ya Olimpiki kwa kuwa nchi yao haikuwepo tena. Katika makundi timu hiyo ilishaifunga Lithuania.

Na humo ndani ya timu ile walikuwemo rafiki zao. Alexander Volkov na Valery Tikhonenko walikuwa nao Seoul, walishangilia dhahabu ileile pamoja. Volkov, aliyekulia Ukraine, alikuwa na nchi huru tayari lakini alivaa jezi isiyo na jina la nchi. Nikiitazama mechi ile kwa jicho la leo, naona watu wawili waliotoka chumba kimoja cha kubadilishia nguo, mmoja amepata jezi yake na mwingine bado anaisubiri.

Ilikwisha 82 kwa 78. Marčiulionis pointi 29, Sabonis 27. Chumbani mvinyo ukamwagika, na Vytautas Landsbergis, profesa wa muziki aliyekuwa akiiongoza nchi tangu siku za vifaru, akalowa chapachapa na suti yake. Wakati wa kupokea medali wachezaji walipanda jukwaani na fulana za mifupa, mbele ya dunia nzima. Sabonis hakuwepo jukwaani. Sherehe ilikuwa imeshamzidi nguvu.

Sasa, kaka, nikujibu. Unaposema dhahabu ni dhahabu, unaihesabu kwa mizani ya sonara. Lakini medali ya Olimpiki haipewi mtu peke yake. Ina bendera na ina jina linalosomwa na kipaza sauti, na Seoul jina lililosomwa halikuwa la mama zao. Mwaka 1988 walishinda kwa ajili ya dola ambayo ndani ya miaka mitatu ingepeleka vifaru dhidi ya ndugu zao. Mwaka 1992 walikuwa wa tatu, lakini kijana wa Kaunas aliyekuwa mbele ya televisheni alisikia neno ambalo babu yake alilisikia mara ya mwisho 1939.

Kuna upande mwingine ambao sitaki kuuficha, maana najua utanibana nao. Sabonis hakuotea hewani. Mfumo wa michezo wa Kisovieti ulimlea, kama watoto wa wahamiaji wa Chicago na Los Angeles walivyoileta timu ya 1937 na 1939, na kama bendi ya roki ya Marekani ilivyowavisha 1992. Ukitafuta kitu ambacho Lithuania ilikifanya peke yake, hukipati. Nadhani ndivyo mataifa madogo yote yanavyoishi. Hukopa nyuzi kwa majirani, kwa waliohama, hata kwa waliowatawala. Wanachoomba ni jina tu, waandike lao wenyewe.

Baada ya Barcelona walizoea kusikika. Shaba nyingine Atlanta 1996, nyingine Sydney 2000, ambako nusu fainali Marekani iliponea chupuchupu kwa 85 kwa 83, huku Šarūnas Jasikevičius akikosa pointi tatu sekunde ya mwisho. Septemba 2003, mwaka uleule niliokuwa napekua Karume, waliifunga Hispania 93 kwa 84 mjini Stockholm na kuwa mabingwa wa Ulaya, mara ya kwanza tangu Lubinas. Pranas Lubinas mwenyewe hakuliona hilo, alifariki 1999, lakini Barcelona aliiona. Mwaka uliofuata, Athens, Jasikevičius alilipa deni lake kwa Marekani, 94 kwa 90.

Na wakazoea kushindwa pia, jambo ambalo nalo ni haki ya taifa huru. Mwaka 2021 walicheza Kaunas, nyumbani, kutafuta tiketi ya Olimpiki ya Tokyo, wakafungwa na Slovenia, nchi yenye watu wachache kuliko wao, 96 kwa 85. Ikawa Olimpiki ya kwanza kuikosa tangu uhuru. Ya Paris 2024 wakaikosa tena. Siku ile ya Kaunas mmoja wa waliokuwa uwanjani alikuwa Domantas, mtoto wa Sabonis. Alizaliwa Portland, Marekani, baba yake alipokuwa akicheza huko, na kama Lubinas angeweza kuwa na jezi nyingine. Alivaa hii na akafungwa nayo.

Fulana yangu haikumaliza miaka mitatu. Ilitoboka kwapani, rangi zikapauka hadi manjano na kijani vikafanana, na siku moja nikaikuta jikoni imechanwa vipande viwili, mama anashikia sufuria. Kipande chenye jina kilikuwa chini, na kile cha mifupa alikikunja kwa ndani, asikione.

Kaka nimemtumia makala haya kabla hayajachapwa. Amesoma yote. Amenijibu kwa ujumbe mmoja: "Sawa. Lakini mimi ningechukua zote mbili."